Jino la Sita la Impela

Fundi Wechuli wa ufuo wa Dunga, Kisumu, ana tabia moja inayoudhi watu: hakurudishii injini yako mpaka amalize kuhesabu. Anapanga vipande vya zamani juu ya gunia, anavihesabu kwa Kibukusu, kisha anarudia tena. Wavuvi humtania kwamba angekuwa daktari, wagonjwa wangemfia mezani wakingoja ahesabu visu. Mimi simtanii. Mara moja tu aliacha kuhesabu, na aliyemharakisha ni mimi.

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Barabara ya kuzunguka ghuba kupitia Katito ilikuwa imekatwa na maji, na jamaa za marehemu Zadock waliamua kumvusha kwa boti hadi ng'ambo, karibu na Kendu Bay, akazikwe kwao. Zadock alikuwa mlinzi wa lango huko Migosi, presha ikamwangusha kazini. Boti ilikuwa yangu, na injini yake ilikuwa imeanza kupata moto.

Kwa asiyejua, injini ya boti hujipoza kwa maji ya ziwa. Kuna kijigurudumu cha mpira chenye meno, kinaitwa impela, ambacho huyavuta maji kutoka chini na kuyasukuma juu, kisha sehemu yake hutoka nyuma kwa tundu dogo. Sisi husema injini inakojoa. Ikikojoa vizuri, endesha. Ikiacha, zima haraka, la sivyo umeiua.

Siku moja kabla ya safari Wechuli aliifungua. Impela ilikuwa na meno matano badala ya sita.

"Ondiek, jino moja halipo," aliniambia. "Hilo limepanda juu na maji. Wacha nilitafute."

"Hilo liliingia ziwani kitambo," nikamjibu. "Weka mpya, funga. Maiti inatoka mochari kesho asubuhi. Unataka nimwambie Zadock angoje?"

Akaweka mpya. Tukaijaribu, ikakojoa kama ng'ombe. Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliitia ile mbovu mfukoni, na nilipomwomba tusafiri pamoja, alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Saa saba mchana tulikuwa katikati ya ghuba, watu tisa na jeneza. Perez, mjane, alikaa kwenye kichwa cha jeneza. Mzee Obonyo, baba mdogo wa marehemu, alikaa mbele na fimbo yake. Upande wa Homa Bay mawingu yalikuwa meusi, na upepo ulishaanza kuinua mawimbi. Nikatazama nyuma kama ilivyo kawaida yangu. Mkojo wa injini ulikuwa umekonda kama uzi. Nikatazama tena, ukawa matone. Mara ya tatu nikaona mvuke, nikazima.

Wechuli aliingiza mkono majini akapapasa mahali injini inapovutia maji. "Si magugu," akasema. Akachokoa tundu kwa waya. "Washa." Nikawasha. Hakuna tone. "Zima."

Boti ikageuka ubavu kwa mawimbi, na maji yakaanza kuturukia.

"Huyu mtu amekataa," Mzee Obonyo akasema.

Kwetu, gari lililobeba maiti likizima njiani, watu hawafungui boneti kwanza. Wanauliza marehemu ana kinyongo na nani. Wote wakamgeukia Perez. Miaka mingi ukoo ulimtaka ahamie ng'ambo akakae bomani, naye akabaki Kaloleni, mjini Kisumu, akikaanga samaki. Hawakuwa wamesahau.

"Wewe mwanamke," Mzee akasema, "ongea na bwana yako. Sema kile ulimfanyia. Kama hataki kufika na wewe, boti ingine ikipita utarudi nayo Kisumu. Hautakanyaga kwetu, na hautamzika."

Perez akaweka kiganja juu ya jeneza. "Baba Apiyo, ile siku ulinipigia simu mara tatu. Nilikuwa na wateja, mafuta iko moto. Nikasema nitakupigia. Nikasahau. Kama ni hiyo umeshikilia, nisamehe. Usinirudishe."

Nilikuwa najua ni lile jino. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, lakini niliwaza ni nani angepanda tena boti ya kapteni aliyeondoka na injini mbovu akijua, nikayakazia macho maji kama mjinga.

Wechuli akasimama. "Mama, ngoja kidogo. Mzee, labda ni mimi." Akatoa impela mfukoni akaiinua. "Hii niliitoa jana. Iko na meno tano. Ya sita sikutafuta. Kama iko ndani ya injini, makosa ni yangu, marehemu hana maneno na mtu. Kama haiko, basi mtaendelea."

Hakunitaja. Hata hakunitazama.

Tuliing'oa injini tukailaza juu ya mbao, kando ya miguu ya jeneza. Wechuli akafungua boliti za sehemu ya chini, moja ikamponyoka na kubingirika. Perez aliikanyaga kabla haijatumbukia kwenye maji yaliyojaa botini. Kisha Wechuli akachomoa mpira wa lile tundu la mkojo, akaufunika kwa mdomo na kupuliza kinyumenyume. Hakikutoka kitu. Akapuliza tena, yakatoka matope.

"Haiko," Mzee akasema.

Wechuli alifuta mdomo. "Ondiek, inua huku." Nikainua. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kitu cheusi, kidogo kama punje ya hindi, kikadondoka kwenye ubao.

Mzee Obonyo alikiokota. Akakiweka kwenye pengo la impela, kikakaa sawasawa. Akamrudishia Wechuli, matone ya mvua yakimwangukia kichwani.

"Nyar Awasi," akasema, akimwita Perez binti wa Awasi, kwao alikozaliwa, kama mke wa heshima anavyoitwa, "toka kwa hayo maji. Keti hapa kwangu."

Tuliirudisha injini mahali pake, ikakojoa mpaka ng'ambo. Ufuoni Mzee aliamuru Nyar Awasi atangulie kushuka, na wanawake wakampokea kwa kilio. Kabla hajashuka, Perez alimshika Wechuli mkono. "Nilikuwa nimeshaamini ni mimi," akamwambia.

Kisha akanigeukia. "Asante, Kapteni. Umenifikishia bwana yangu." Nikaupokea mkono wake kwa mikono miwili.

Habari ilifika Dunga kabla yetu. Kwa mwezi mzima wavuvi walipeleka injini zao kwa mafundi wengine, na boti yangu ilijaa abiria, maana walisema Ondiek ni kapteni mtulivu. Wechuli hajawahi kuniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikimpelekea injini, anahesabu vipande, anavirudia tena, na mimi nasimama pale namngoja amalize.