Siku Baba Alipopeleka Trekta Mlimani

Siku ile tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mama alikaa mkekani uani, mimi na mdogo wangu Yozefa tukiokota punje zilizorukia majanini, na baba alikuwa chini ya trekta, miguu tu inaonekana. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Burundi, kwenye mlima unaotazamana na Mabamba ya Tanzania. Kukikucha vizuri tuliona moshi wa majiko ya Waha ng'ambo ya mto, na siku za soko tulivuka kwenda kuuza ulezi, tukarudi na chumvi.

Trekta halikuwa letu. Lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini aliyelima mahindi na mtama kwenye tambarare ya chini. Alimwajiri baba kwa sababu baba, ujanani, alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika, na huko ndiko alikojifunzia usukani na Kiswahili. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Baba aliliegesha trekta juu ya mteremko nyuma ya nyumba. Asubuhi analiachia libingirike, anatia gia, linakohoa, linawaka. Msimu wa kulima watu walitembea nyuma ya plau ili tu waone udongo unavyopinduka. Eneo ambalo mlima mzima tusingelimaliza kwa majembe, trekta lilikuwa linalimaliza kabla mvua haijakolea.

Jirani yetu Barnabasi alipita, akasimama njiani bila kukaribia.

"Melkiori, umesikia ya huko juu?"

"Nimesikia," baba alijibu, bado yuko chini ya trekta.

"Askari wanachukua watu majumbani. Walianza na walimu na makarani, sasa hata wakulima. Anayechukuliwa harudi."

Baba alitoka, akajifuta grisi mikononi. Jioni nilimwona anamimina dizeli yote iliyobaki kwenye tangi.

Kesho yake, ukungu ukiwa bado umejaa bondeni, tuliona moshi mweusi mlima wa pili. Haukuwa moshi wa majiko. Tela la trekta lilikuwa limepakiwa magunia ya mahindi, mengi ya tajiri, machache yetu. Baba alipanda juu yake akaanza kuyatupa chini.

"Baba Generoza," mama alimwita, "tutakula nini?"

"Mkiwa hai mtakula. Panda."

Mama alilitazama gunia letu lililopasuka, mahindi yamemwagika matopeni. Kisha naye akapanda, akashika gunia upande wa pili, wakasaidiana kutupa mpaka tela likawa tupu.

Tulipakia wazee, wajawazito na watoto wa mlima wetu. Wenye nguvu walitembea pembeni. Njia ilishuka hadi kwenye njia panda, mahali ambapo trekta lisingeweza kwenda mbele; kutoka pale ni kijia cha miguu, halafu mafunjo, halafu mto. Watu walikuwa wanateremshwa pale Barnabasi alipotufikia, anakimbia, hana pumzi.

"Wana lori. Wanauliza watu wa trekta wameelekea wapi."

Alama za matairi zilikuwa wazi kwenye tope nyuma yetu. Bibi mmoja alikuwa bado anashushwa kwa kubebwa. Mto ulikuwa mbali.

Baba hakuwa amezima injini. Akarudi kwenye kiti.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Wanafuata trekta. Wacha walifuate."

"Liache hapa, twende wote."

"Wakilikuta hapa, wametukuta sisi. Nitalipeleka mlimani. Tela tupu lina kelele, watalisikia."

Mama alishika kiti cha trekta kwa mikono miwili. Baba aliondoa vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayechomoa mwiba. Kisha akainama, akanigusa kichwani.

"Generoza, shika mkono wa Yozefa. Usiuachie hata ukianguka."

Aligeuza trekta, akashika njia ya pili, ya kupanda mlimani.

Tulishuka.

Ukungu ulitufunika, hatukuona hata tuliotangulia. Lakini tulilisikia trekta linapanda, na tela linagonga mawe.

Maji yalikuwa ya baridi. Yalinifika kifuani. Yozefa alikuwa analia bila sauti, nami sikuachia mkono.

Tukasikia lori. Lilifika njia panda, likapunguza mwendo.

Watu wote walisimama ndani ya maji.

Likapanda mlimani.

Mama aligeuka kutazama nyuma, akabaki hivyo.

"Mke wa Melkiori, tembea," Barnabasi alimwambia. "Tembea, nakuomba."

Risasi zilikuwa chache. Trekta lilinguruma peke yake kwa muda, kisha likanyamaza.

Tulitokea upande wa Mabamba. Mama mmoja wa Kiha, Leokadia, alitukuta tunatetemeka kando ya shamba lake la mihogo. Akatupeleka kwake, akatuwashia moto. Alisema neno ambalo kwake na kwetu ni moja: "Ihangane." Vumilia. Mama hakulia. Nguo zetu hazijakauka vizuri, akamwuliza Leokadia nani ana shamba la kupalilia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulipalilia mashamba ya watu tukalipwa kwa mahindi, mengine tukala, mengine mama akayaficha kuwa mbegu. Yozefa alilia njaa mbele ya mbegu ile na mama hakuigusa. Msimu uliofuata tulikuwa na kipande chetu.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza, trekta lililetwa kulima shamba la kijiji. Siku lilipoingia watu walipiga vigelegele. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilikwenda kulitazama, na nilipokuwa msichana mkubwa nilimwomba dereva, Mzee Hamisi wa Kasulu mjini, anifundishe.

"Binti, hii siyo baiskeli," alisema huku anacheka.

"Najua. Baba yangu alikuwa dereva."

Aliuliza yuko wapi sasa, nikamwambia. Akashuka, akanipisha kitini. Nilikanyaga klachi, nikalima. Jioni mama alikuwa ameshasikia. Alinipakulia ugali, akangoja nimalize kula.

"Mistari imenyooka?" aliuliza.

"Imenyooka, mama."

Akachukua sahani.

Trekta lile la kijiji nalo lilikufa. Vipuri havikupatikana, nyasi zikaota katikati ya magurudumu, tukarudi kwenye jembe. Mimi niliolewa Kasulu, na huko nimelima mahindi hadi leo nikiwa raia wa nchi hii. Siku hizi tunakodi trekta, na vijana wenye matrekta wananiita bibi.

Amani iliporudi kule, nilivuka kwenda kuuliza alipofia baba. Walionionyesha mlima hawakujua mahali penyewe. Kila mmoja alinyoosha kidole upande wake. Palikuwa pamelimwa mihogo. Nilisali nikiwa nimesimama, nikarudi siku ile ile, kwa sababu mvua ilikuwa imekaribia na nilikuwa sijapanda.

Mama aliishi hadi uzee. Kila mavuno, wale waliovuka mto asubuhi ile, na baadaye watoto wao, walimletea nafaka. Mwaka wake wa mwisho Barnabasi alikuja mwenyewe, ameshikilia fimbo, mjukuu wake nyuma amebeba kikapu cha mtama kichwani.

"Mumeo alituokoa," Barnabasi alisema. "Ukiwatazama watoto na wajukuu wetu wote, hakufa bure."

Mama alimtazama mjukuu yule kwa muda, akamgusa shavu.

"Nawatazama, Barnabasi, na nafurahi. Sisemi alipaswa kufanya vingine. Angetuacha, hata mimi ningemdharau. Lakini usiniambie kwamba kufa kwake kumelipwa. Mimi nilitaka arudi."

Barnabasi aliinamisha kichwa. Mama akakipokea kikapu, akatuambia tutandike turubai tuanike mtama, jua lilikuwa bado kali.