Muzigo Haushuki Kabla Mugeni Hajaikala

Ku mulima ule wa volkano hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimeupanda mara nyingi kuliko mutu yeyote anayeishi Ndosho, na mwenye kubisha aje nyumbani aangalie magoti yangu. Nimebeba makaa, mahema, vitanda vya kukunja, na siku moja nilibeba muzungu mwenyewe, mutu muzima, aliyeteguka muguu. Masomo yangu ni miaka ine ya primeri, basi. Lakini nyumba yangu ni ya matofali, na kila tofali ilitoka ku mugongo huu. Ninawaandikia vijana wanaoona wageni wakishuka kwenye jipu pale Kibati, njia inapoanzia, na kufikiri kazi yetu ilikuwa nguvu tu. Haikuwa nguvu tu. Ilikuwa na sheria zake, na zingine mimi mwenyewe sijazielewa mpaka leo.

Siku ya kwanza nilifika Kibati kwa miguu, asubuhi, bila chai. Shefu wa Mizigo alikuwa muzee wa Masisi aliyechunga ng'ombe kabla ya kuchunga sisi. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, na kila muzigo ulipita hapo: kilo kumi na tano, hata gramu haizidi. Mimi, ili anione, nilishika miwili.

"Wewe, uko punda?"

"Hapana, Shefu."

"Basi weka moja chini. Punda mwenyewe tunamulipa majani."

Alinionyesha mukaba, ule mushipi mupana wa kitambaa unaopita ku paji la uso na kushika muzigo mugongoni. Ukiuvaa vizuri, shingo inabeba na mikono inabaki huru kwa fimbo. Ukiuvaa vibaya, kesho hauwezi kugeuka kusalimia mutu. Nilijua siku hiyohiyo.

Kwenye kituo cha kwanza, pale mawe meusi ya volkano yanaanza, nilishusha begi nikaikala juu ya jiwe. Shefu alitoka nyuma polepole.

"Nani amekuambia uikale?"

"Nimechoka, Shefu."

"Mugeni ameikala?"

Nilitazama. Mugeni alikuwa amesimama, anakunywa maji na kupiga picha ya majani.

"Hajaikala."

"Basi na wewe haujachoka."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu: muzigo haushuki kabla mugeni hajaikala. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Mugeni akiona begi yake chini, ataogopa kwamba tumegoma." Kisha akaongeza, "Mimi pia niliambiwa hivyo tu."

Nilibeba miaka saba chini yake. Magoti yake yalipokataa, mizani ilikuja mikononi mwangu kwa miaka miwili, na sijisifu bure nikisema hakukuwahi kuwa na shefu mwenye sauti kama yangu. Halafu lodji ilijengwa kule juu, nyumba saba za mbao za kulaza wageni ndani ya miti, na Direktrisi wake, mama wa Rutshuru mwenye miwani, alinichukua kupokea mizigo ya wageni. Alinipa shati ya kaki yenye mifuko mine. Siku ya kwanza alinisimamisha ku baraza inayotazama mulima.

"Hapa mbele kuna watu wa aina mbili tu," akasema. "Kuna mwenye kuikala na mwenye kusimama. Wewe unasimama. Chakula chako kiko nyuma ya jikoni."

Nilisimama miaka kumi na mine.

Na wageni wenyewe sikuwaelewa. Mutu ana kitanda kwake, anakuja kulipa pesa nyingi ili alale kwenye baridi. Mama mumoja alitazama ule wekundu wa moto juu ya mulima akalia machozi. Nikamuambia pole, akajibu kwamba ana furaha. Jioni nilirudi Ndosho, bibi yangu, Mama Zawadi, ananiuliza, "Lakini wanaona nini kule?" Nikamujibu kwamba ni mambo ya ufundi, hataelewa. Ukweli ni kwamba sikuwa najua.

Mama Zawadi anauza maharagi sokoni. Tangu tuoane sijamuona akila chakula ambacho hakukipika yeye. Siku moja, mbele ya ndugu zake wote, nilimuahidi: siku nitaacha kazi, utapanda mulima, utaikala ku baraza ile, na mutu mwingine atakuletea sahani. Ndugu zake walicheka. Yeye hakucheka. Alikunja kitenge kipya akakiweka chini ya sanduku, na kila mwaka alikitoa, akakianika, akakirudisha.

Magoti yangu nayo yakakataa, kama ya Shefu. Niliacha kazi. Tulingoja wakati ambapo njia ilikuwa tulivu, tukaenda.

Pale Kibati mama mumoja alikuwa anakodisha fimbo. Ile aliyonipa ilikuwa na alama ya moto, misalaba miwili.

"Mama, fimbo hii niliichonga mimi."

"Basi unajua iko muzuri. Dola moja."

Aliyebeba begi yetu ni Bahati, mutu muzima mwenye watoto sita, niliyemufundisha mimi. Ndani kulikuwa na blanketi na kile kitenge, kwa hiyo mizani haikusumbuka. Tulipanda vizuri mpaka kituo cha kwanza. Mvua ikaanza.

Nikasimama. Mama Zawadi, kwa kuniona nimesimama, naye akasimama, mukono mumoja ku kiuno. Bahati akasimama nyuma yetu, mukaba ku paji, maji yanamutiririka puani. Gidi mwenye kutuongoza alitazama saa. Nilianza kukasirika moyoni: hawa watu wanachelewa nini?

"Papa Zawadi," bibi akaniita, "tunangojea nani?"

"Tunangojea wageni waikale."

"Wageni wako wapi?"

Niligeuka kuwatafuta. Kweli niligeuka. Nyuma kulikuwa na Bahati tu, naye akaangalia pembeni kwa heshima.

"Muzee," akasema taratibu, "mwenye begi ni nyinyi."

Nilijua. Nilikuwa nimelipa tikiti mwenyewe, asubuhi hiyo. Lakini magoti yale ambayo nyumbani yanakataa kusimama, pale yalikataa kukunjika. Mama Zawadi alinitazama, akatazama jiwe, akaikala. Hapo tu Bahati akashusha muzigo na kupumua. Mimi nilibaki hivyo mpaka tukaondoka, na vituo vingine pia, na sijui nilikuwa nafikiri nini.

Tulifika lodji saa kumi. Direktrisi alitoka mbio kunikumbatia.

"Papa, mufanyakazi wetu wa zamani halipi kitu hapa. Nyuma ya jikoni wenzako wamekupikia ugali na majani ya sombe."

"Na mama?"

"Na mama, tena sana. Karibuni nyuma."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Heshima, na tena bure. Miguu yangu ilikuwa imeshashika njia ya jikoni yenyewe. Nilipogeuka kumuita bibi, sikumuona nyuma yangu.

Alikuwa ku baraza. Alikuwa ameshajifunga kile kitenge juu ya nguo iliyoloa, ameikala ku kiti kinachotazama mulima, viatu vyake vyenye matope vimepangwa pamoja kama vya kanisani. Bahati ameweka begi pembeni yake. Kijana wa shati nyeupe aliinama mbele yake.

"Mama, nikuletee chai ao kahawa?"

Aliangalia nyuma kuona nani anaulizwa. Halafu akasema, "Lete ile yenye haikusumbui."

Nikasimama katikati, huku moshi wa jikoni, kule baraza. Wenzangu wataona nimewadharau? Na ku baraza nitafanya nini mikono yangu? Direktrisi alinifuata akashusha sauti.

"Papa, huku mbele ni bei ya wageni. Unaijua."

Niliijua. Niliisomea watu miaka kumi na mine. Nilitoa bahasha ya pesa mufukoni.

"Ikala," Mama Zawadi akaniambia, akinisogezea kiti.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado. Ikala kwanza."

Nikaikala. Mulima wote ulikuwa umefunikwa na ukungu, hata muti wa mbele hauonekani. Chai ikaja, na yeye alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama ukungu ule, machozi yakamutoka. Nilitaka kumuambia pole, nikasogeza kiti changu karibu na chake.

Vijana wananiuliza wageni wanafuata nini kule juu. Mutu wa miaka ishirini na mitatu ya kazi angepaswa kujua. Ninawajibu kile ninachokijua kwa hakika: tikiti, chai, chakula, kitanda, mushahara wa Bahati na fimbo yangu mwenyewe, vyote pamoja, ilikuwa dola mia moja arobaini na tatu.