Helikopta Kwenye Kichanja cha Kahawa

Juzi sokoni Mbinga nilimwona mtoto akirusha helikopta ya rimoti, hasira za zamani zikanipanda.

Yangu aliniletea baba. Ikinipa mgongo ilinitii. Ikinigeukia tu, nikiipeleka kushoto ilikwenda kulia, ikaangukia kichanjani, kwenye kahawa ya mama iliyotoka kuoshwa na kuanikwa, bado inanuka uchachu wa kulowekwa. Nikaamini inanichukia. Kaka Deo, mtoto wa baba mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mpe kaka yako, utanimwagia kahawa!" mama alifoka.

Mikononi mwa Deo ilizunguka uwanja mzima bila kugusa kitu. Hakunirudishia tena.

Sasa najua: ikikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako. Deo alilijua hilo tangu mwanzo. Alinyamaza makusudi, akisubiri mama aseme, "Mpe."