Rohu wa Hatta na Koti la Kuazima

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa tatu kule Hatta, milimani, joto likiwa bado halijaanza kutuchoma, nimesimama ukingoni mwa bwawa la shamba na samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kuvua. Nakusimulia hili, mwanangu, kwa sababu juzi mlinicheka nilipokataa kupigwa picha na kambare wenu. Mlisema mzee anaona haya. Hapa Dubai ukitimiza miaka hamsini na tatu umeshakuwa mzee, na kwa hilo sina ugomvi. Lakini haikuwa haya. Kaa nikueleze.

Mimi nilizaliwa Budalang'i, kando ya mto Nzoia, na baba yangu alikuwa mvuvi wa ukingoni. Hakuwa na mtumbwi wala hakuutaka. Alikuwa na fimbo, mshipi na subira, akanifundisha vyote vitatu, ingawa hicho cha tatu hakikunikaa vizuri. Samaki wetu ni kambare na kamongo. Kambare unamtoa majini, unamlaza kwenye nyasi, unakwenda kunywa chai, na ukirudi bado anakutazama. Kamongo ndiye kabisa, utadhani ana shamba lake nchi kavu.

Nilipopata kazi ya ulinzi huku, sikumwambia baba. Mimi ni kifungua mimba wake, nilijua atakataa. Nikamdanganya kwamba naenda Nairobi kwa mafunzo ya mwezi mmoja. Simu nilimpigia nikiwa tayari nimevaa sare, nalinda jengo kule Silicon Oasis, enzi zile kote ni mchanga na winchi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akamrudishia mama simu. Tangu siku hiyo kila nikipiga naambiwa baba ametoka. Miaka miwili, mwanangu. Iliniuma sana, sitakuficha.

Sasa, kule Hatta kulikuwa na Mzee Khamis, mtu wa Unguja aliyekuja huku tangu ujana wake. Alikuwa msimamizi wa shamba la mitende na ndimu, na ndimu hizo alizileta kwenye duka lililokuwa chini ya jengo langu. Aliposikia Kiswahili changu akaniuliza kwetu wapi, na niliposema Nzoia akauliza kama najua kuvua. Akamwomba arbab, yaani mwenye shamba, aturuhusu mimi na mlinzi mwenzangu Musyoka tuvue bwawani siku zetu za mapumziko. Sharti lilikuwa moja. Mwezi wa tatu na wa nne samaki wakubwa husogea ukingoni na mayai yao, kwa hiyo mkubwa akinaswa anarudishwa majini papo hapo. Wa kula ni wale wasiozidi kiganja.

"Kiangazi cha huku kinaua samaki, nyie," alituambia. "Hawa wakubwa ndiyo mbegu yetu. Na mbele ya arbab nimewasemea mie, msije mkaniaibisha."

Siku hiyo bwawa lilikuwa karimu. Perege tuliwavua kwa mkate, kambare kwa minyoo tuliyoichimba chini ya mindimu. Nilipata kambare wawili wakubwa, nikawarudisha bila kinyongo. Kisha nikatia donge la unga uliokandwa na tende, na hapo mshipi ukavutwa hadi vidole vikauma. Alikuwa yule samaki wa magamba mapana ambaye Wahindi wanamwita rohu. Musyoka aliingia majini mpaka magotini kunisaidia. Tulipomtoa, urefu wake ulikuwa sawa na mkono wangu mzima.

Wazo la kwanza lilikuwa baba. Nilijiambia, akimwona huyu atazungumza nami. Na nilikuwa nimejiandaa, usinicheke, nilikuwa nimeazima koti la suti kwa ajili ya picha ya namna hiyo. Koti lilikuwa kwenye gari, pamoja na kamera ya Musyoka, ng'ambo ya mitende. Nikamlaza samaki kwenye nyasi mbichi, tukaenda. Kamera ilichelewa kuonekana. Nikavaa koti, nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikaona nywele zimesimama, nikaanza kutafuta kitana. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa na hakika ya mtu wa Nzoia kwamba samaki atangoja.

Tuliporudi, kinywa chake kilikuwa kinafunguka mara moja moja. Nikamwinua, Musyoka akapiga picha mbili, na ya tatu kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho. Kisha nikamrudisha majini. Akalala ubavu. Nikamsimamisha kwa mikono, nikamsukuma mbele na nyuma, koti la watu likalowa mpaka kwenye viwiko. Akalala ubavu tena.

Mzee Khamis alikuja na jembe lake begani. Alimtazama samaki, akalitazama koti.

"Huyu si kambare, kijana," alisema. "Maji yake yapo hatua tatu, na wewe unatafuta kitana."

"Mzee, tulitaka tu picha ya nyumbani," Musyoka alijitetea.

Mzee Khamis alitua jembe. Alichutama, akampasua yule samaki kwa kisu chake cha kukatia mitende, na mayai yakamwagika kwenye nyasi, mengi, ya rangi ya kijivu. Nilitamani anitukane. Badala yake alifuta kisu polepole.

"Khalas, yamekwisha. Nakwenda kwa arbab sasa hivi, nikamwambie kabla hajasikia kwa mwengine. Na hiyo picha, ukiipeleka kwa babaako, mwambie na ilivyokuwa. Picha haisemi. Useme wewe."

Arbab alitufungia bwawa mwaka mzima, na Mzee Khamis naye akakatazwa wageni. Mimi nikaisafisha picha dukani kule Deira, nikampa Musyoka alipokwenda likizo ampelekee baba, bila barua wala neno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa njiani.

Baada ya wiki tatu simu ya mama ilinipigia. Sauti ilikuwa ya baba.

"Wafula, nimeiona picha. Huyo samaki amekufa."

Nikaketi kwenye ngazi.

"Na tumbo hilo ni la mayai. Ilikuwaje?"

Nilikuwa na uongo tayari, kwamba alimeza ndoano mpaka ndani. Ulikuwa umeshafika ulimini. Lakini nikamkumbuka Mzee Khamis akienda mlangoni kwa arbab kusema kosa ambalo hata halikuwa lake.

"Nilimwacha kwenye nyasi, baba, nikaenda kutafuta koti, ili unione nimependeza."

Nyuma yake nikasikia kuku wetu kwenye simu.

"Hilo umelisema lilivyo," alisema. "La Nairobi hukulisema."

"Sikulisema, baba."

"Liseme sasa."

Nikalisema lote, kwenye ngazi za jengo, watu wakipita na mifuko yao, machozi yananitoka. Nikamwambia nilimdanganya kwa kuwa nilijua angekataa.

"Ningekataa," alisema baba. "Kisha ningekusindikiza mpaka barabarani."

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na huyo wangu bado nambeba. Baba alinisamehe, tukawa tunaongea kila Ijumaa mpaka Mungu alipomchukua, lakini safari ile ya kwenda barabarani pamoja naye hakuna wa kunirudishia.

Nawajua walioaga nyumbani kama nilivyoaga mimi. Yupo aliyesema ni karani, naye anafua mashuka hotelini. Yupo ambaye mama yake hajui hata yuko nchi gani. Mnatuma picha mkiwa mbele ya majengo marefu, mkidhani picha itamaliza maneno. Haimalizi. Mzazi hutazama picha kama mvuvi, anaona usichotaka aone. Mpigie leo umwambie ilivyo, akukasirikie akiwa hai, maana hasira ya mzazi ina mwisho. Na bwawani, mkubwa arudi majini kwanza, mengine baadaye.

Mola akufungulie kinywa mapema, akutunzie wanaokungoja, na siku utakayoondoka tena nyumbani pawe na mtu wa kukushika mkono mpaka barabarani.