Wifi Aliyeitika Jina Langu

Siku zote arobaini za uzazi wangu wa kwanza nilikuwa ndani, katika vyumba viwili tulivyopanga karibuni huko Temeke, nikikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni na kunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka jasho linanitoka kisogoni. Mzazi hatoki. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Lindi, na ndivyo ilivyokuwa kwa wakwe zangu, watu wa Pwani hii hii. Mila hiyo sikuwa na neno nayo, mpaka nilipogundua kwamba mimi nitakaa ndani lakini mwanangu atakuwa anatoka.

Alikuwa anatoka kwa sababu alizaliwa mdogo. Hospitali walisema apelekwe kliniki kila wiki akapimwe uzito, na kitovu chake kiangaliwe. Nani ampeleke? Mama yangu mzazi alikuwa Lindi, na mvua zilikuwa zimeikata barabara kule Rufiji. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la shirika la umma, anakwenda mpaka Tunduma, na akishaondoka huwezi kusema atarudi lini. Akabaki wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu. Alikuja na kikapu chake cha ukindu na godoro lake, akahamia chumba cha pili, akashika kila kitu.

Nikisema kila kitu, sitanii. Wifi alikuwa amekwisha kuolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na huko kote hakujaliwa mtoto. Jioni alifundisha wanawake wenzake kusoma na kuandika kwenye darasa la kisomo pale kwenye tawi la chama, kwa hiyo hakuna ofisi iliyomtisha. Wiki ya kwanza tu alikwisha kupata barua ya balozi wa nyumba kumi, ile ya kuthibitisha kwamba sie ni wakazi wa pale na kwamba mtoto amezaliwa kweli. Akaipeleka wilayani pamoja na karatasi ya hospitali ili mtoto aandikishwe. Akatoka huko akaenda duka la ushirika, mtoto akaingizwa kwenye orodha ya kaya yetu, na sukari yetu ya mgawo ikaongezwa. Nyumba ya jirani walikuwa na mtoto anayetambaa, na bado hajaingizwa kwenye orodha yoyote.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi niliona wivu. Nilimwonea wivu tangu anapomfunga mwanangu mgongoni hadi anapomfungua, na katikati hapo nilikuwa nakaa kitandani nikihesabu mabati ya paa.

Nilikuwa namnyonyesha mtoto ashibe, namfuta, namvalisha kofia, halafu namkabidhi. Ndipo nachungulia dirishani kuwaona wakipotea kwenye kona ya bomba la maji. Wakirudi, mtoto ananukia vumbi na jua, na wifi ana habari tele. Leo kapiga chafya, daktari kacheka. Leo kakojolea mizani. Leo kwenye foleni ya sabuni wanawake wamempisha mbele kwa sababu ya mtoto, na wengine walikuwa wameweka mawe yao ya kushikia nafasi pale tangu alfajiri. Alisimulia vizuri, mwenzangu, kwa mikono na macho. Mimi nacheka huku roho inanichoma, maana yale yalikuwa maisha ya mwanangu na mimi nayasikia kama taarifa ya habari.

Siku moja alinieleza jambo ambalo yeye aliliona la kuchekesha. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina langu kama mzazi. Muuguzi akiita, anaita jina hilo.

"Sasa wakiita unafanyaje?" nikamuuliza.

"Naitika, wifi. Nifanyeje tena? Nikianza kueleza ukoo pale, foleni inanipita."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka. Usiku ule sikulala vizuri. Huko kliniki, kumbe, jina langu lilikuwa na mtu wake, mnene kidogo, mcheshi, anayejulikana na kila mtu, na mtu huyo hakuwa mimi. Nilijaribu kujiambia kwamba ni jambo dogo. Halikuwa dogo hata kidogo.

Mume wangu aliporudi safari nikamweleza, kwa sauti ya chini ili wifi asisikie uani. Alinitazama kama niliyemlalamikia mvua.

"Shukuru Mungu umepata wifi wa namna hii," akasema. "Wenzako wifi zao moto wa kuotea mbali."

Halafu akafungua mkoba wake. Alikuwa amepata khanga huko Mbeya, doti moja, na kupata khanga miaka ile si mchezo. Mbele ya macho yangu akachukua mkasi, akakata katikati, kipande kimoja akanipa mimi na kingine akamwita dada yake akampa. Alidhani amefanya haki. Doti hukatwa, kweli, lakini hukatwa na mwenyewe ajifunge kimoja na ajitande kingine! Wifi akakipokea kipande chake kwa vigelegele, akambebea mtoto kesho yake. Nikaapa moyoni kwamba arobaini ikitimia, kliniki nitakwenda mwenyewe, peke yangu, na yeyote atakayeita jina langu ataniona mimi nikisimama. Sikutaka kitu kingine duniani.

Arobaini ikatimia. Mtoto akanyolewa, ubani ukafukizwa, nikatolewa nje nikasalimiana na jirani zangu ambao nilikuwa nikiwasikia sauti tu. Siku ya kliniki iliyofuata niliamka mapema kabla wifi hajamaliza kuswali. Nikachukua kadi kwenye kikapu chake, nikambeba mwanangu, nikatoka kwa mlango wa mbele. Jua la asubuhi lilinikata macho. Nilitembea kama mtu aliyefunguliwa, na kila niliyekutana naye nilimtamkia shikamoo au habari, hata wasionijua.

Kliniki nilikaa kwenye benchi na wenzangu. Mama mmoja mwenye mapacha akamchungulia mtoto, akatabasamu, kisha akanitazama mimi.

"Mama yake leo anaumwa?" akauliza.

"Mama yake ndiye mimi, dada."

"Aa," akasema, na akasogea kidogo.

Nilijua muda si mrefu jina langu litaitwa, na hapo mambo yatakwisha. Likaitwa. Nikainuka, nikanyoosha khanga, nikaenda mezani. Muuguzi alikuwa mtu mzima, miwani imemshukia puani. Aliitazama kadi, akamtazama mtoto, akatabasamu kwa kumtambua. Alipofika usoni kwangu tabasamu likakoma.

"Mama yake yuko wapi?"

"Ndiye mimi, sista."

"Bibie, mama wa mtoto huyu mie namjua. Kila wiki yuko hapa."

"Yule ni wifi yangu. Mimi nilikuwa ndani, arobaini."

"Mbona anaitika jina hili?"

Ningemjibu nini? Kwamba foleni ingempita? Nilieleza hivyo hivyo, nikajisikia ninavyosikika. Muuguzi akavua miwani. Siku zile pale mtaani kulikuwa na maneno ya mtoto aliyepotea sokoni, na nadhani kila aliyekuwa kwenye mabenchi yale alikuwa ameyasikia.

"Wiki iliyopita alikuwa na kilo ngapi?" akaniuliza.

Sikujua.

"Kitovu tulikipaka nini?"

Sikujua. Nilijua jinsi mwanangu anavyokunja ngumi akinyonya, na kwamba hulala haraka akiegeshwa upande wa kushoto. Hayo hakuniuliza.

"Nipe mtoto," akasema.

Alimchukua mikononi mwangu kwa utaratibu kabisa, bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Akamwomba yule mama wa mapacha, ambaye alikuwa akikaa mtaa wa kwetu, aende akamwite "mama mwenyewe". Yule mama akawaacha mapacha wake kwa jirani yake wa benchi na kwenda mbio, kama aliyetumwa kuita polisi. Mwanangu akaanza kulia. Maziwa yakanishuka pale pale, blauzi yote ikalowa mbele ya watu, nami nikafurahi, nikasema, "Sista, tazama! Tazama basi!"

Akatazama. "Maziwa hata mie ninayaona," akasema. "Huwezi kujua, huenda umezaa, wa kwako yuko kwingine."

Nikakaa sakafuni. Nililia kwa hasira, wala sitaki mtu aniambie nilikosea kulia. Wanawake kama ishirini waliokaa pale hakuna aliyenijua. Mtu pekee katika Temeke nzima ambaye angeweza kusema mimi ni mama wa mwanangu na pale akaaminiwa alikuwa ni yule ambaye kwa wiki hizo zote nilimwombea apate safari ya mbali. Nikamsubiri. Nilimsubiri kwa hamu ambayo sikuwahi kumsubiri hata mume wangu.

Alikuja anahema, ndala moja nyekundu na moja ya bluu, kichwa wazi. Baadaye nilijua kwamba alipoambiwa "mtoto kliniki", alidhani amekufa. Aliingia akaangaza macho, akamwona mtoto mikononi mwa muuguzi analia, yuko hai, akashika fremu ya mlango.

"Mama, umefika," muuguzi akamwambia. "Huyu mwanamke anasema mtoto ni wake."

Mabenchi yote yakageuka. Wengine walikwisha kutabasamu wakimpungia mkono, maana alikuwa rafiki yao. Walimwita mama, walimpisha, waliulizana naye habari za kunyonyesha na sijui aliwajibu nini. Wifi akawatazama. Akanitazama mimi pale chini. Alichelewa kujibu, pumzi moja hivi au mbili, na katika pumzi hizo nilimchukia kuliko nilivyopata kumchukia mtu, kwa kuwa nilijua anafikiri nini. Mimi pia ningefikiri hivyo hivyo.

"Huyo ndiye mama yake," akasema. "Mie shangazi. Mie sijazaa."

Aliyasema kwa sauti ya darasani, ili wa nyuma wasikie. Hakuna aliyecheka. Mama wa mapacha, ambaye ndiye aliyemwita, akainamia khanga ya mtoto wake akawa anaikunja na kuikunjua. Muuguzi akanirudishia mwanangu, akasema pole, mama, nasi tunalinda watoto. Nikampokea. Akaendelea kulia. Nikamlaza upande wa kushoto, akalia zaidi, mpaka wifi aliponyoosha kidole kimoja akamgusa mguu na kusema, "Haya, baba, haya." Akanyamaza.

Nisiseme uongo: hapo wivu ukarudi wote, mbichi, kama vile sikuwa nimeokolewa dakika ile ile.

Mtoto akapimwa. Muuguzi akauliza tena uzito wa wiki iliyopita ili aandike, akimtazama wifi kwa mazoea. Wifi akageukia ukutani, akaninong'oneza, "Tatu na robo." Nami nikajibu kwa sauti, tatu na robo. Kitovu? "Ile dawa ya zambarau." Dawa ya zambarau, sista. Tukajibu hivyo maswali yote, yeye akinong'ona na mimi nikisema, na muuguzi akajifanya hasikii.

Tukaambiwa tukakae tusubiri vidonge dirishani. Tulikaa benchi moja, bega kwa bega. Yeye alikuwa akizitazama ndala zake.

Dirisha likafunguka, mtu wa dawa akaita jina langu.

Tuliinuka sote wawili. Yeye ndiye aliyekaa tena, taratibu, akijifanya alisimama kwa ajili ya kujifunga khanga yake vizuri.