Mashine ya Moto na Uso wa Mdogo Wangu

Mimi si mtu wa kungoja. Nikikaa kwenye kiti mguu wangu mmoja unacheza, na nikiambiwa «polepole» ndipo naharakisha. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo achague mashine huku mawingu yanajikusanya, uone.

Kazi yangu ni stika. Nina chumba karibu na soko la Kasongo, printa moja, makasi, na karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma. Wateja wangu ni motari, vijana wa pikipiki. Wanataka majina ya watoto wao, picha za wachezaji, «Mungu Iko», wabandike kwenye tangi la mafuta. Wino wangu haukuiweza mvua, lakini nani alilalamika? Ikifutika anakuja kuchukua nyingine.

Halafu mdogo wangu akafa. Alikuwa motari wa njia ya Salamabila, akaanguka na mzigo kwenye tope, alipokuwa ameshapita Wamaza. Huku kwetu motari akifa, wenzake wanabandika uso wake kwenye pikipiki zao na kutembea naye mpaka siku ya kumaliza kilio. Nyuso zile nilizichapa mwenyewe, nakata huku nalia. Mama, ambaye alikuwa hali wala hasemi, akaanza kutoka nje. Akisikia pikipiki anasimama barazani, anamtazama mwanawe akipita, anarudi kukaa, na jioni anakula kidogo.

Mvua ikanyesha. Kesho yake pikipiki ya kwanza ikapita na shati tu kwenye stika. Juu ya kola uso ulikuwa umechuruzika wote. Ya pili vilevile. Mama akaingia ndani, nikamfuata.

«Mutoto wangu wanamutembeza bila uso,» aliniambia.

Tangu hapo akakataa kutoka, akakataa na sahani. Niliogopa. Niliona nitamzika na yeye, na kosa ni la wino wangu.

Nikakimbilia dukani. Mwenye duka, baba mmoja mpole mpaka anachosha, alikuwa na mashine mbili za kufunika picha kwa plastiki. Moja ya moto, ya umeme: unaingiza karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, inatoka imeshikana. Nyingine ya baridi, haina hata waya: unazungusha mpini kwa mkono, inakandamiza plastiki yenye gundi juu ya picha. Aliniambia niende nilete stika yangu moja tuijaribu kwenye zote mbili. Niende, nirudi, na mbingu zimeshakuwa nyeusi? Tena, huku kwetu kitu cha maana kinaingia kwenye plastiki ya moto: kadi ya kura, diploma, cheti cha ubatizo. Uso wa mdogo wangu niupitishe kwenye kitu cha kuzungusha kama cha kusagia karanga? Nilichukua karatasi tupu pale mezani, tukaipitisha kwenye ya moto, ikatoka inang'aa. Nikamwambia basi, nifungie hii.

Nyumbani nikawasha jenereta. Rafiki wa mdogo wangu, motari mwenzake, alikuwa ananingoja na pikipiki yake imeoshwa. Nikaingiza uso. Harufu mbaya ikajaa chumba, halafu ukatoka.

Kumbe plastiki ya stika zangu haipendi moto, inajikunja. Paji la uso lilikuwa limeingia mistari, mashavu yamelegea, macho yamezungukwa na mikunjo. Kijana ambaye ndevu zilikuwa bado kumshika vizuri alikuwa ananitazama kama mzee. Rafiki yake aligeuka ukutani. Mimi niliitukana mashine, nikamtukana na yule baba wa dukani ambaye aliniambia tujaribu kwanza, nikaishika stika niichane.

Mama alikuwa mlangoni. Ile harufu ndiyo iliyomtoa chumbani. Akaninyang'anya. Nilimwambia imeharibika, nitachukua ile ya mkono, nitamtengenezea nzuri. Hakunisikia. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mikunjo, mmoja mmoja.

«Angezeeka hivi,» alisema.

Alasiri ile ile nikarudisha mashine, mwenye duka akanipa ya mkono bila kunicheka, na hilo liliniudhi zaidi. Lakini ilifanya kazi. Mvua iliteleza juu ya nyuso mpya, motari wakazunguka naye mpaka Kabambare. Mama alikuwa anakula. Barazani hakusimama tena, ile yenye mikunjo alikaa nayo ndani.

Siku ya kumaliza kilio motari wanabandua nyuso zote na kuzichoma pamoja na nguo za msiba, ili marehemu asiendelee kuzunguka barabarani. Rafiki yake alizikusanya uani kwetu, akawasha moto, kisha akamwomba mama kwa heshima alete na ile yake.

Mama alikaa palepale, ameishika kifuani.

«Muchome yule kijana,» akamwambia. «Huyu wangu alizeeka.»