Jiwe Jeupe Mbele ya Nyumba ya Mwanaidi

Kiangazi kikielekea ukingoni, Kharumwa nzima huwa rangi ya vumbi, isipokuwa pale mbele ya nyumba ya Mwanaidi. Pale pana asumini aliyoitoa Tabora kwa marehemu mama yake, ikaja imefungwa kwenye gunia bichi. Pana mrehani na mchaichai, na mawaridi mawili yenye deko kuliko bibi harusi. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi ovyo nyumba ile, yote yanaishia kwenye mashina. Wapita njia walimcheka sana. Mwanamke mwenye akili zake, maji yenyewe ya kununua, ananywesha maua! Mwanaidi aliwaacha wacheke, maana wakishikwa na mafua ni hao hao waliokuja kumwomba mchaichai.

Mwaka huu akataka kupanda mlimao uwahi mvua za kwanza. Akamwita Maganga aje kumchimbia shimo. Maganga ni mchimbaji wa dhahabu, na siku hizo duara lao, yaani shimo lao la kazi, lilikuwa limesimama. Alipofika kina cha magoti, jembe likagonga jiwe jeupe lenye michirizi ya kutu. Mtu mwingine angelitupa pembeni. Maganga alilirambaramba, akaligeuzageuza juani, kisha akatoka mbio kwenda kuchukua kinu chake cha chuma na karai. Akatwanga kipande mpaka kikawa unga, akauosha pale pale kando ya asumini. Chini ya karai ukabaki mstari mwembamba wa njano.

"Mama Safiya," alisema kwa sauti ya chini, "unakalia mali."

Kharumwa neno kama hilo halihitaji kipaza sauti. Kabla ya adhuhuri uwanja ulijaa watu, na wenye haraka zao walikuja na sururu begani. Hamza, mume wa Mwanaidi, alifunga duka lake la vitenge akaja, watu wakawa wanamshika mkono na kumpa hongera. Alicheka na kila mmoja. Jamaa mmoja alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua kutoka shimoni mpaka mlangoni, anaukanyaga mrehani bila hata kuomba radhi.

Mwanaidi alijua kinachofuata, kwani mtaa wa pili alikiona kwa macho yake. Linaanza shimo moja, yanafuata mengine, mwisho wenye nyumba wanahama na nyumba inabaki inaning'inia. Asumini ile iliyokwisha kuota mizizi mpaka chini ya baraza, angeing'oa vipi? Na angemwambia nani kwamba haitaki dhahabu, asionekane kapagawa? Akawa anaomba kimoyomoyo: Ya Rabi, isiwemo.

Ndipo akamwona Maganga anapangusa kinu kwa kiganja, tayari kutwanga kipande cha pili.

"Hebu subiri. Mara ya mwisho kinu hicho ulitwangia nini?"

"Mawe ya kule duarani kwetu, mama. Juzi."

"Ukakiosha?"

Maganga akajikuna kichwa.

"Mimi nikienda mashineni nikakuta aliyetangulia kasaga mtama mwekundu, simimini mahindi yangu mpaka apite mwingine. Unga wa kwanza lazima utoke na wekundu wa mwenzako. Sasa hiyo njano ni ya kwangu au ya kwenu?"

Watu walicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha wasiwasi. Mwanaidi hakungoja jibu. Aliingia ndani akatoka na kinu chake cha kutwangia bizari, akakisugua kwa majivu mbele ya macho yao. Karai nalo aliliosha mwenyewe, kwa maji mengi, na siku hiyo hakuyaonea uchungu.

Maganga akatwanga, akaosha. Vichwa vyote viliinama juu ya karai. Kikabaki kimchanga cheusi. Akachukua kipande kingine kutoka chini kabisa ya shimo, kikatoka vile vile.

"Yaya," alisema hatimaye, na hiyo hapana yake ya Kisukuma aliitoa kama mtu anayetangaza msiba. "Hapa hapana kitu, mama."

Watu wakaanza kuondoka, kila mmoja na pole yake. "Pole sana, Mama Safiya." "Ahsante, tumeshapoa." Alijifunika mdomo kwa khanga, wakadhani analia. Kumbe alikuwa na raha ambayo hajapata kuionja, angeweza hata kulibusu lile karai.

Kilichobaki kumtia hofu ni mumewe, aliyebaki kando ya shimo. Akaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza.

"Baba Safiya, riziki anagawa Mungu..."

Hamza alichungulia barabarani kuhakikisha wa mwisho amekata kona, kisha akajitupa barazani.

"Alhamdulillahi," alisema. "Tangu asubuhi nacheka na watu huku moyoni naomba isiwemo. Nilikuwa sijui nikwambieje kwamba mimi hapa sihami."